Mwalimu Aliyetufundisha Kuanguka kwa Kilwa

Sijui alizaliwa wapi, wala sijawahi kuuliza. Watu wa kwetu wakianza kumsimulia mtu huanza na babu yake wa nne, lakini huyu alifika kwetu hana babu. Alifika na sanduku la mbao, baiskeli isiyokuwa na breki, na chaki mfukoni. Wazazi walimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Sisi wanafunzi wake, akishatupa mgongo, tulimwita Sultani. Hapa nitamwita Mwalimu tu, maana hilo la Sultani alikuja kulisikia, akalipenda mno, na sina haja ya kumpa anachokipenda.

Naandika nikiwa na kinyaa. Nasema mapema ili asiyependa kusoma uchungu wa mtu aende zake. Mimi nauza dawa za mifugo hapa Rongo. Nimeosha vidonda vya ng'ombe vilivyojaa funza na nimetoa kupe kwenye masikio ya mbwa, tena kabla ya kula chakula cha mchana. Lakini nikimkumbuka mtu huyu akifuta miwani yake taratibu kabla ya kusema uongo, sahani naisukuma kando.

Jambo tuliloligombea naye lilikuwa moja. Mama yangu, ambaye bado yu hai, alitaka akifa alazwe kando ya baba yangu, mbele ya nyumba waliyoijenga pamoja. Hakutaka kitu kingine. Na aliyesimama kati yake na kaburi la mumewe ni Mwalimu, mtu ambaye Mama alimlisha kwa mikono yake miaka na miaka.

Somo lake lilikuwa Historia, na ndani ya Historia alikuwa na ufalme mmoja. Mambo ya viwanda vya Ulaya aliyapitia mbiombio, anasoma huku anaangalia nje. Kilwa ikifika, alifunga madirisha, akavaa koti hata kama kuna joto la kuivisha maembe, akatulia mbele yetu mpaka tukasikia nzi. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, na hata wale wa nyuma waliozoea kulala waliinua vichwa.

Kilwa, alisema, ni kisiwa kidogo upande wa kusini wa pwani, siku hizi Tanzania. Zamani hizo za kati walifika Waislamu ambao wazee wa huko husema walitoka Shirazi, wakiongozwa na mwana wa mfalme. Kisiwa kilikuwa cha chifu wa bara. Mgeni akasema niuzie, chifu akajibu nipe kitambaa cha kukizunguka kisiwa chote. Mgeni akatoa kitambaa. Chifu akakibeba, akavuka kwa miguu kurudi bara maji yalipokupwa, na moyoni alikuwa amekwisha kupanga kurudi na jeshi amnyang'anye. Mgeni naye akachimba pale pa kuvukia pakawa na kina, maji yasikauke tena. Chifu akabaki ng'ambo na marobota yake.

Ili tuelewe, alituagiza wasichana tulete leso za kujifunga kutoka nyumbani. Tulizifunga ncha kwa ncha tukalizungushia darasa zima kwa nje, na yeye akatembea akizigusa moja moja, anacheka peke yake. Leso ya Mama ilikuwa hapo, ya rangi ya machungwa.

"Sasa niambieni," akauliza, "kati ya hawa wawili mjinga ni nani? Aliyetoa kitambaa ama aliyechukua?"

"Aliyechukua!" tukapiga kelele.

"Kwa nini?"

Akavuta leso iliyokuwa karibu naye.

"Kwa sababu leso inararuka," akasema. "Kisiwa hakiraruki."

Hakuwahi kuiona bahari. Tulipomuuliza ikoje, alisema tuchukue Ziwa letu pale Homa Bay, tutie chumvi, tuondoe viboko. Msikiti mkuu wa Kilwa wenye paa la kuba nyingi alitufundishia kwa vyungu vya wapishi wa shule, akavipanga juu ya meza midomo chini, na wapishi wakakaa bila vyungu mpaka saa saba, sisi tukala githeri, mahindi na maharagwe, haijaiva. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, Mnubi Mwislamu wa pale Migori mjini, aliyekuja kumshonea suruali, akasimama dirishani akasikiliza. Somo lilipokwisha alimwambia kwa upole, "Mwalimu, umesema watu walimsujudia Sultani. Sisi hatumsujudii mtu. Tunamsujudia Mungu peke yake." Mwalimu alimshukuru sana. Wiki iliyofuata alilieleza darasa jingine jambo hilohilo, na akasema ameligundua mwenyewe baada ya utafiti wa muda mrefu.

Alivyokuwa ndivyo hivyo. Kila alichopewa, kesho yake alikuwa ndiye aliyekuwa nacho siku zote.

Alikuwa na kitambaa cheupe cha mkononi ambacho alikitandika kila mahali kabla ya kukaa, hata kwenye kiti cha nyumbani kwetu ambacho Mama alikuwa amekisugua kwa mchanga asubuhi hiyo. Chai aliivuta kwa mlio. Samaki alimnyonya kichwa mpaka macho, kisha akajisafisha meno kwa mfupa wa samaki huyohuyo huku akizungumza habari za utawala bora. Siku moja Mama alichinja kuku, akaleta sahani mezani, na kabla Baba hajanawa, Mwalimu alikuwa amekwisha kuitia firigisi mdomoni. Kila mtoto wa kwetu anajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Sisi watoto tulikodoa macho. Baba alicheka, akasema, "Mwacheni, mgeni hajui." Mimi nilikuwa nimemtazama usoni. Alijua.

Na bado sitasema alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo, kwa sababu ningekuwa nadanganya kama yeye. Mama aliposhikwa na uchungu wa kitindamimba wetu, Baba akiwa safarini, ni Mwalimu aliyempakia kwenye ile baiskeli isiyo na breki akaisukuma mlima mzima hadi zahanati, mvua inanyesha, koti lake la Kilwa amemfunika Mama. Mkunga alisema wangechelewa kidogo tu wote wawili wangekufa. Mama hajawahi kuisahau siku hiyo, na nafikiri hapo ndipo tabu yetu ilipoanzia.

Inabidi nieleze jadak ni nini, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Kwetu mgeni akija kuomba mahali pa kujenga, akapewa, huitwa jadak. Analima, anafuga, anazeeka hapo, na hakuna anayemfukuza akikaa vizuri. Lakini ardhi inabaki ya aliyempa. Jadak hapandi mti wa mpaka, na jadak haonyeshi kaburi. Katika boma, anayeonyesha mahali pa kaburi na kupiga jembe la kwanza ni mwenye boma au ndugu yake. Ardhi yetu ya kilimani haikuwa na hati, kama nyingi za pale. Makaburi ndiyo yaliyokuwa hati. Wazee wakiitwa kuamua shamba ni la nani, swali la kwanza ni moja: ni nani aliyewazika watu hapa?

Baba ndiye aliyempa Mwalimu mahali pa kujenga. Alimpa kwa mdomo, mbele ya watu, chini kidogo ya nyumba yetu, naye akajenga hapo, akaoa.

Baba alipofariki, Mto Kuja ulikuwa umefurika. Ndugu zake walikwama ng'ambo siku mbili. Maiti imefika nyumbani, jua kali linafuata mvua, wanawake wanalia, wadogo zangu wa kiume bado wa kubebwa. Wazee wawili wa jirani walisema tungoje maji yapungue. Mama hakuweza kungoja tena. Alimgeukia mtu pekee aliyemwamini pale uani, akamwambia, "Japuonj, nisaidie. Wewe onyesha."

Mwalimu alivua viatu. Hilo nalikumbuka. Alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akachukua jembe, akatembea mpaka mbele ya nyumba, akapiga. Wale wazee waliguna, mmoja akaondoka kabisa. Watu walikuwa wengi na wote waliona. Ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine hata hawezi kulitambua, kwa sababu hangeona kuna nini cha kukosea, mtu amesaidia kuchimba kaburi basi. Kwetu lilikuwa kama kumkabidhi mtu ufunguo wa nyumba ukiwa umefumba macho.

Miaka ikapita. Akastaafu. Halafu jirani yetu mmoja alichimba choo akakuta mwamba wenye michirizi, akaupeleka kwa wachimbaji wa Osiri wanaoijua dhahabu, na haikupita muda kilima chetu kikajaa vijana wenye tochi kichwani. Upande wetu ukawa mashimo. Wanawake waliketi vikundi vikundi wakiponda mawe kwa nyundo, wakiyaosha kwa zebaki kwa mikono mitupu, watoto wako mgongoni. Vijana walipigania mashimo kwa mapanga. Ikabidi atafutwe mtu wa kuongea na maofisa, mwenye Kiswahili na Kiingereza, mtu mzima. Wakamchagua Mwalimu awe chemani, mwenyekiti wao.

Mwanzoni alitawala vizuri, na nalisema hili kwa shida. Alikataza pombe karibu na mashimo. Alilazimisha kila shimo litiwe magogo lisiporomoke. Aliamuru kila rundo la mawe likipanda juu, wajane wapewe fungu kabla ya wengine kugawana, na Mama alikuwa miongoni mwa wajane. Kilima kilitulia. Watu walianza kujenga kwa matofali. Yeye akajenga nyumba kubwa ya vigae pale alipopewa na Baba, akaiita Husuni, jina la jumba la masultani wa Kilwa, akaliandika kwa rangi ya buluu juu ya mlango. Njia pekee ya gari kutoka kilimani ilipita mbele yake, na kila gunia la mawe lilisimama hapo kwanza.

Jioni alikaa barazani, kitambaa chake kimetandikwa, akiwafundisha wachimbaji yaleyale aliyotufundisha sisi.

"Kilwa haikuchimba dhahabu," aliwaambia. "Dhahabu ilitoka Sofala, huko chini kabisa. Kilwa ilikaa kwa njia tu. Wewe chimba, mimi nakaa kwa njia. Mkubwa ni nani?"

Vijana walicheka. "Ni wewe, Sultani."

Msidhani ni mimi ninayelinganisha mambo haya ili maandishi yapendeze. Ni yeye. Alijilinganisha mwenyewe, hadharani, na alijua sura inayofuata.

Kwa sababu sura ya kuanguka ndiyo aliyoifundisha vizuri kuliko zote. Masultani wa Kilwa walinenepa. Mawaziri na maamiri wakawa wanawaweka na kuwatoa, leo huyu, kesho yule, mpaka amiri mmoja akakalia kiti bila haki. Wareno walipotokea na mizinga, huyo amiri aligeuka nyuma akakuta hakuna watu. Kukawa na tajiri mmoja wa palepale kisiwani aliyeona hiyo ndiyo nafasi yake. Akafanya urafiki na wageni. Wageni wakauteka mji, wakapora, wakajenga ngome, wakamvika huyo tajiri taji. Hakulivaa muda mrefu. Biashara ya dhahabu ikaenda zake, na majumba yakaachiwa magugu. Hapo Mwalimu alilia. Machozi ya kweli, kila mwaka, mbele ya kila darasa. Alifuta uso kwa kile kitambaa na kusema, "Dola haifi kwa njaa. Inakufa kwa shibe." Kisha, "Mgeni hana nguvu ya kuvunja mlango wako. Anangoja mtu wa ndani amfungulie." Tuliyaandika. Nikiamshwa usingizini leo naweza kuyataja.

Naibu wake kilimani alikuwa kijana aliyepitia darasa hilohilo. Alianza kuuliza maswali: mbona fungu la wajane limepungua, mbona binamu za mke wa Mwalimu ndio wanaosimamia mashimo mazuri. Wachimbaji walianza kumsikiliza. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na kila mtu alijua Mwalimu ataanguka. Hapo ndipo magari meupe yalipoanza kulala Husuni. Alikuwa amemleta mwekezaji, mtu wa mbali ambaye jina lake hatukuwahi kuambiwa sawasawa, mwenye walinzi na mbwa. Watu walimwita Investa, basi. Mpango ulikuwa hivi: Mwalimu amkabidhi Investa kilima, Investa amfukuze naibu na watu wake, Mwalimu abaki msimamizi wa kila kitu. Lakini ili akabidhi kilima, ilibidi kwanza kiwe chake.

Naibu wa chifu aliitisha baraza. Nilifunga duka nikapanda kwenda kumsindikiza Mama. Wazee waliuliza swali lao la siku zote, ni nani aliyewazika watu hapa. Mwalimu akasimama. Akatoa miwani, akaifuta.

"Mnanijua," akasema. "Hii ardhi nimekaa nayo kutoka zamani. Marehemu mzee, baba ya huyu msichana, alikuwa rafiki yangu. Hakuwa na mahali. Alipokufa mimi ndiye nilimpatia pa kulala. Mimi ndiye nilionyesha kaburi, mimi ndiye nilipiga jembe. Kama kuna mtu hapa hakuona, asimame."

Hakuna aliyesimama, kwa sababu waliona. Wote waliona. Baba zangu wadogo walipiga kelele kwamba wao walikuwa ng'ambo ya mto, na mtu mmoja akajibu kwamba mwenye boma halisi hangekosa mtumbwi. Wale wazee wawili wa siku ya mazishi walikwisha kufa, na waliomsikia Baba akitoa mahali wengi walikula kwa Mwalimu. Mimi nilisimama nikamwita Mwalimu mwizi wa makaburi, nikaambiwa nikae chini, mwanamke aliyeolewa hana neno kwa ardhi ya kwao, nao wadogo zangu wa kiume wakaambiwa siku ile walikuwa mgongoni, hawakuona kitu. Mama aliangalia miguu yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona haya kwa niaba ya mtu asiye na kosa.

Unaweza kumsamehe mtu mjinga. Wangapi wanauza kisiwa kwa kitambaa hawajui wanachofanya? Kinachonitia kichefuchefu ni kwamba huyu alilijua somo lote, alilijua kwa machozi, kisha akaamka asubuhi moja, akavaa koti, akaenda kulitenda.

Seng'enge ikapigwa. Kaburi la Baba likawa ndani, na nyumba ya Mama ikawa ghala la vyuma. Nilimchukua nikaja naye Rongo. Kila akiugua kidogo alikuwa akiuliza jambo lilelile, tutampeleka wapi, nami nilijifanya sikusikia. Na kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa, walinzi walimzuia Mwalimu kwenye lango la Husuni, wakamwambia hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Walimtolea sanduku lake nje. Vijana wa kilimani, waliokuwa wamefukuzwa kwa ajili yake, walisimama kando ya njia wakamwimbia. Nilipopigiwa simu nikasimuliwa, nilicheka mpaka mteja aliyekuja kununua dawa ya minyoo akashtuka. Halafu kicheko kikaisha nikabaki na kile kinyaa changu, maana kuanguka kwake hakukumrudishia Mama kitu.

Mwaka huu, Mama alinituma kwake.

"Mwambie aseme ukweli akiwa bado na mdomo," alisema. "Sitaki kitu ingine."

Nilimkuta Homa Bay, kwa binti yake aliyeolewa, nyuma ya soko la samaki. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, omena, dagaa wa Ziwa, wameanikwa kwenye nyavu pande zote, anafukuza kuku kwa fimbo. Amekonda. Suruali imefungwa kwa kamba. Chini yake alikuwa ametandika karatasi ya nailoni ya sukari.

"Nyarwa," aliniita, yaani binti yetu. "Umekuja kuniona."

"Nimetumwa. Mama anataka uende kwa baraza useme vile ilikuwa. Kwamba wewe ni jadak, Baba ndiye alikupatia."

Alimfukuza kuku aliyekuwa anadonoa omena. Kisha akanieleza yote bila kuulizwa, kwa ile sauti ya chini ya darasani, hatua kwa hatua, hakujitetea hata mahali pamoja.

"Siku ile nilisimama kwa baraza," akasema, "nilikuwa najua mimi ndiye yule tajiri wa Kilwa. Nilijua hata kabla nifungue mdomo."

"Na ukafungua."

"Nikafungua. Nyarwa, kila mtu anafikiria yeye atakuwa tofauti. Nilifikiria mimi nimesoma, mimi nitamshika huyo mtu wa magari meupe kabla anishike."

"Basi sema hivyo kwa baraza."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeshindwa jambo rahisi. "Nikisema mimi ni jadak, mimi nitazikwa wapi? Kwetu hawanijui. Hapa ni kwa wakwe, mwanaume hazikwi kwa wakwe. Ile uongo ndiyo imebaki mahali yangu pekee."

Mtu amemnyima mjane kaburi ili alitunze lake. Niliondoka bila kuaga. Nilitembea kando ya Ziwa mpaka harufu ya omena ikaisha, ndipo nikaenda stendi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua sukuma wiki. "Analala kwa kitanda?" akauliza.

"Mama!"

"Nauliza."

"Sijui. Sikuangalia."

Akachambua majani mengine mawili matatu. "Mpigie huyo binti yake. Mwambie Japuonj aseme ukweli, na akikufa atazikwa kwetu. Mimi ndiye nitamwonyesha mahali."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mama yangu. "Huyo mtu alikunyang'anya mume ndani ya kaburi, na wewe unampa shamba mara ya pili?"

"Alinisukuma na baiskeli mlima mzima," akasema. "Hiyo sitamnyima. Na hii nyingine, wewe ngoja."

Nilipiga simu. Mwalimu akapewa. Alisikiliza, akapumua, kisha, Mungu ni shahidi wangu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Upande gani?" Nilikata simu.

Lakini alikuja. Baraza lilikaa nje ya lango la Investa, naibu wa chifu mezani, kijana wa kampuni amesimama na redio mkononi. Mwalimu aliletwa na pikipiki. Akasimama. Miwani hakuwa nayo tena.

"Mimi ni jadak," akasema. "Mzee wa hii boma alinipatia mahali kwa mdomo. Kaburi nilionyesha kwa sababu mjane aliniomba, ndugu walikuwa wamezuiwa na mto. Siku ile ingine niliwadanganya nyinyi. Hiyo ndiyo maneno yangu."

Mtu mmoja alitaka kupiga makofi, mwenzake akamshika mkono. Kijana wa redio alisema yeye hajui mambo ya ukoo, akapiga simu, akapiga nyingine. Kilima hakikurudi, na kesi sijui itaishaje. Lakini wakubwa wake hawakutaka kelele za makaburi, na jioni hiyo lango likafunguliwa na ikakubaliwa seng'enge irudishwe nyuma ya nyumba, sehemu ya mbele waachiwe wenyewe.

Tukaingia. Mama alitangulia na fimbo yake. Mwanamke haonyeshi kaburi, na watu wakaanza kunong'ona. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki, alikohoa. "Mwacheni," akasema.

Mama akapita kaburi la Baba bila kusimama. Akaizunguka nyumba mpaka mwisho kabisa wa uwanja, pale seng'enge mpya itakapopita, penye kokoto na mlio wa jenereta. Akagonga chini.

"Japuonj. Wewe hapa."

Mwalimu alifika polepole. Aliangalia kokoto, akaangalia ng'ambo ya waya kwenye mitambo na mbwa waliofungwa. "Mama," akasema, "hapa ni karibu sana na hawa watu. Ni kelele."

"Ni wewe uliwaleta," Mama akasema. "Utalala nao karibu."

Hakubisha. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akasema asante. Kinyaa changu hakikuondoka, na sidhani kitaondoka, lakini nilimwona Mama akigeuka kutoka kwake kama mtu aliyemaliza kazi ya jikoni. Kwetu aliye hai haonyeshi kaburi lake mwenyewe, ni kuita kifo, na alipofika mbele ya nyumba wanawake wawili walimwambia asifanye. Akaichomeka fimbo ardhini kando ya Baba, akaisukuma kwa nguvu zake zote mpaka ikasimama yenyewe.

"Na mimi," akasema, "hapa."